Nimetoka eda nimekuta kazi yangu imehamia kwenye kishikwambi, naanzia wapi?

mama_wa_ghalani

Habari zenu ndugu zangu. Naandika saa 5 usiku, mama kashalala ndo nimepata nafasi, mnivumilie ni ndefu kidogo.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Tandahimba, chama sikitaji. Nimeanza 2008, stakabadhi ghalani, yaani mkulima analeta mzigo ghalani anapewa risiti na hela anasubiri mpaka mzigo uuzwe, ilikuwa ndo kwanza imeingia huku kwetu, mkulima ukimpa karatasi badala ya hela anakuangalia kama unamdhulumu. Tangu hapo kazi yangu ni ileile, mzigo unakuja, unapandishwa kwenye mizani, nasoma, naandika kwenye kitabu, nakata risiti kwa mkono, yeye anaondoka na yake mimi nabaki na nakala. Kaunta buku zangu zote zipo, sijatupa hata moja. Na wakulima nawajua mpaka kwa magunia yao, mtu akishona mdomo wa gunia mimi najua huyu ni wa upande gani hata kabla sijamuona mwenyewe, kuna bibi mmoja anashonea kamba ya chandarua miaka yote na hajawahi kubadilisha.

Mwezi wa 4 mwaka huu mume wangu alifariki. Nikaandika barua ya ruhusa, nikakaa eda miezi 4 na siku 10. Sasa mwezi wa 7 mimi nipo ndani ndo wakaja wataalamu kufundisha mizani ya kidijitali na mfumo mpya, siku 3, wenzangu wote wakafundishwa. Hakuna hata mmoja aliyekuja mlangoni kuniambia dada kuna hiki na hiki kinaendelea. Nimetoka mwezi wa 8 tarehe 20 na kitu, nafika ofisini nakuta kishikwambi kapewa kijana ambaye mama yake alikuwa analeta korosho kwangu yeye akiwa mgongoni. Sina kinyongo na kijana, ana adabu, ananiamkia kila siku.

Ila ile siku ya kwanza ya kupokea mzigo mwezi wa 10 sitaisahau. Gunia likapanda, namba nyekundu zikatokea, kijana akabonyeza, risiti ikatoka pale pale. Na yule mkulima kwa mazoea akageuka kwangu akaninyooshea mkono kupokea karatasi. Mimi mikono mitupu. Tukabaki tunaangaliana. Nikatoka nje nikajifanya naongea na simu.

Sasa hivi kazi yangu naambiwa ni kupanga foleni. Na wiki iliyopita mtu mmoja wa bodi kaniita pembeni kaniambia kwa upole kabisa kwamba ni bora niandike barua mwenyewe ya kuacha kazi, niondoke kwa heshima, kabla hawajakaa kikao.

Na nyumbani nako. Mwezi wa 9 mama yangu kaletwa kutoka Nachingwea, kapata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi vizuri. Mtoto wa mwisho mwezi wa 10 kaenda chuo Dodoma. Nyumba iliyokuwa na kelele za watu sasa hivi ni mimi na mama, na mama maneno hayatoki vizuri. Nikipika bado napima unga wa watu wanne, mpaka leo.

Kwahiyo swali langu, mtu akibadilikiwa na vitu vyote hivi kwa mwaka mmoja anaanzia wapi? Niandike hiyo barua nikalee mama yangu kwa utulivu? Au nikomae? Umri wangu ni 44. Naomba mwenye kupitia kitu kama hiki anieleze alifanyaje, kuniombea nitashukuru ila nataka na maelezo.

nesi_wa_pwani

Pole sana dada kwa msiba na kwa mama. Nimesoma hapo pa unga wa watu wanne nikasimama kwanza.

Mimi ni nesi Kilwa. 2024 mwezi wa 5 kile kimbunga Hidaya kilipopita barabara ikakatika huku Somanga, baba yangu yuko Dar mahututi mimi niko upande huu siwezi kuvuka. Alizikwa bila mimi. Narudi kazini nakuta na sisi tumeletewa mfumo, hakuna tena kuandika kwenye rejesta, kila mgonjwa anaingizwa kwenye kompyuta. Nilikuwa nakaa mbele ya ile kompyuta machozi yanatoka watu wanadhani naogopa mashine, kumbe siogopi mashine, namlilia baba yangu ila ndo pale yalipopata pa kutokea.

Nakwambia hivi kwa sababu nahisi na wewe viwili vimechanganyika. Kishikwambi kingekuja mwaka jana mume yupo ungekilalamikia jioni mkiwa mnakula, kesho yake ungekishika. Sasa hivi kila kitu kinagusa kidonda. Mimi iliyonisaidia ni kutojifunza mfumo mzima. Nilimwomba binti mmoja anifundishe kumsajili mgonjwa tu, basi, wiki nzima nilikuwa nasajili tu, mengine anafanya yeye. Wiki ya pili nikajifunza kutafuta faili la mgonjwa wa zamani. Ilichukua miezi kama 2 hivi na leo wageni wakija wanaletwa kwangu.

Halafu kuhusu mama. Dawa za presha kama kaandikiwa asiziache hata siku akionekana mzima, wengi wanaacha hapo na kiharusi kinarudi. Kama analala sana mgeuze kila masaa mawili asipate vidonda. Na mazoezi ya mkono na mguu msisubiri, miezi ya mwanzo ndo mwili unarudisha sana, muulize mtaalamu wa mazoezi tiba hospitali akuonyeshe, ukishaonyeshwa unafanya mwenyewe nyumbani asubuhi na jioni. Maneno kutotoka vizuri haimaanishi haelewi, muongeleshe, msimulie ya kazini. Anasikia.

shangani_mtwara

Dada naomba niende moja kwa moja, USIANDIKE HIYO BARUA. Angalau sio sasa hivi na sio kwa maneno ya mtu aliyekuita pembeni.

Nimefanya kazi za usaidizi wa kisheria hapa Mtwara mjini, watu wanaondoka kwa heshima halafu wanakuja kwangu wanalia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko hivi. Mwajiri akikuachisha ukiwa umetimiza miezi 12 mfululizo unadai kiinua mgongo, mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Wewe miaka 10 umeshaipita. Ukiacha mwenyewe kwa barua yako hicho kiinua mgongo huna pa kukidai. Na kama walikuwa wanakukatia NSSF, lile fao la kukosa ajira ni la mtu aliyeondolewa, aliyeacha kwa hiari halimhusu. Ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi isiyozidi 6 na uwe umechangia angalau miezi 18. Kwahiyo hiyo "heshima" unailipia wewe.

Kingine, kama wanasema kazi imepunguzwa na mashine kuna utaratibu wake. Wanatakiwa wakupe taarifa ya kusudio, wakueleze sababu, wakae na wewe mjadiliane kama kuna njia nyingine ikiwemo kukufundisha. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi haipungui siku 28. Wakikuachisha kienyeji una siku 30 tu za kupeleka lalamiko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), zikipita inabidi uombe kuongezewa muda na sababu ziwe nzito.

Swali, ile barua ya ruhusa ya eda unayo nakala? Walijibu kwa maandishi? Itafute leo leo uiweke pamoja na mkataba na salari slipu zako. Hiyo ndo inaonyesha ulikuwa ruhusa halali wakati wanafundisha wenzako.

korosho_na_mimi

Mimi nitatofautiana kidogo. Pole kwanza mama.

Nilikuwa dereva wa kampuni moja Lindi, mkataba ukaisha hawakuongeza, nikahangaika mwaka mzima kuwabembeleza. Mwaka mzima! Baadae nikajiuliza nabembeleza nini, nina ekari za mikorosho za marehemu baba zimejaa majani. Nikapalilia, nikapulizia salfa kwa wakati mwezi wa 6 maana ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, ukishashika maua umekwisha, msimu wa 2024/25 bei ikapanda ikavuka 4,000 kwa kilo nikapata hela ambayo sijawahi kuiona kwenye udereva. Mke wangu na wenzie wanabangua na kukaanga, wanapeleka stendi na mpaka Dar.

Sisemi mfanye wote, bei inapanda inashuka kila mtu wa huku anajua. Ila kama shamba lipo na mama yuko ndani anakuhitaji, kwanini ung'ang'anie sehemu wanayokuweka kupanga foleni? Kuna kung'ang'ania kunakomaliza mtu.

nesi_wa_pwani

@korosho_na_mimi nakuelewa kaka na hongera kwa shamba, ila huyu dada katoka eda mwezi wa 8. Hii ni miezi mitatu haijaisha. Wewe ulikaa mwaka kabla hujaamua na hukuwa na kiharusi ndani. Mimi baada ya baba kufa nilitaka kuuza kiwanja, dada yangu mkubwa akanishika mkono akasema subiri mvua moja ipite. Namshukuru mpaka kesho.

babu_newala

Mwanangu pole. Nimesomewa na mjukuu hapa, majibu natamka yeye anaandika.

Nina miaka 71. Nimeuza korosho kwa kila namna unayoijua. Nimemuuzia mlanguzi mlangoni kwangu akipima kwa bakuli, kangomba hiyo, shida zangu za kiangazi nikazilipa kwa korosho ambazo hazijaanguka mtini. Stakabadhi ilipokuja nilikuwa mmoja wa waliogoma, nilisema hatutolewi hapa na makaratasi. Minada nimekaa uwanjani tunaangalia sanduku linafunguliwa barua za wanunuzi zinasomwa moja moja, tunakubali au tunakataa bei. Siku hizi ni TMX, soko la bidhaa la mtandaoni, tunaangalia kwenye skrini. Kila kimoja kilipokuja nilisema hiki ndo mwisho wetu.

Sasa sikiliza nikueleze la 2018. Bei zilikuwa mbaya tukagoma, mwezi wa 11 serikali ikasema inazichukua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja na malori. Halafu ukaja uhakiki, mtu lazima ajulikane shamba lake liko wapi na hizo kilo katoa wapi, maana walanguzi nao walijiingiza kama wakulima. Mimi mvua ilishaingia kwenye nyumba, karatasi zangu zimelowa zote, siwezi kuonyesha chochote. Nikaenda kwa karani wetu, mwanamke kama wewe, akafungua kaunta buku yake kwa tarehe, akanionyesha mzigo wangu wote wa msimu ule na wa nyuma, ameandika mpaka siku niliyoleta gunia moja peke yake kwa baiskeli. Nikalipwa. Jirani yangu ambaye karani wake alikuwa anaandika ovyo alikaa muda mrefu sana hana hela, watoto wakarudi nyumbani kutoka shule.

Kwahiyo mimi mkulima nakuomba wewe mtu wa ghalani, hivyo vitabu usimwachie mtu. Kama vinahama kwenda kwenye mashine basi uwepo vikihama. Mjukuu anasema mfumo unasoma kinachoingizwa tu. Anayejua cha kuingiza ni wewe.

Na unga pima wa watu wanne mpaka mkono wenyewe uchoke. Mke wangu alipofariki niliendelea kutoa viti viwili nje jioni kama miaka miwili. Siku moja nilijikuta nimetoa kimoja.

runali_boy

Shikamoo mama. Mimi sio kijana wa chama chako ila ni kijana wa aina ile ile, nashika kishikwambi kwenye chama kimoja upande wa Nachingwea, nina miaka 24, kwahiyo acha niseme kwa upande wetu.

Tunaogopa. Hakuna anayetuuliza lakini tunaogopa sana. Mwezi wa 10 mwaka jana wiki ya kwanza nilimwingizia mtu kilo 412 kwenye akaunti ya mtu mwingine kwa sababu majina mawili yamefanana, akina Mohamedi wako wengi mno huku na wengine mpaka jina la baba linafanana. Hela ikaenda kwa asiyehusika na kuirudisha ilikuwa vita. Mzee wa watu alikuja ofisini na panga la shambani, hakuwa na nia mbaya alikuwa ametoka kupalilia, ila mimi nilitetemeka. Aliyeniokoa ni karani wa zamani, alisema huyu ni wa kitongoji fulani namba yake ya uanachama inaishia hivi, yule ni shemeji yake. Kwa kichwa tu. Tangu siku hiyo nimemwomba akae kiti cha pembeni yangu, kila jina kabla sijabonyeza namtamkia yeye anasema sawa.

Kitu kingine, mafunzo ya siku 3 usiyaone makubwa. Siku ya kwanza ilikuwa kufungua na posho, ya pili umeme ulikatika mchana. Tulichojifunza kweli ni kama masaa manne. Kuwasha, kuingia kwa pasiwedi, kutafuta mkulima kwa namba (USITAFUTE KWA JINA), kuhakikisha mizani inasoma sifuri kabla gunia halijapanda, kuhifadhi, kuprinti. Intaneti ikikata usibonyeze mara mbili mbili utaingiza mzigo mara mbili, unasubiri. Basi mama. Mengine yote nimejifunzia kwenye foleni huku watu wananipigia kelele.

Nakuomba kitu kimoja, mfuate huyo kijana jioni watu wakiondoka. Sio mbele ya watu, mbele ya watu wote wawili mtaona aibu. Nina uhakika anakusubiri na hajui aanzeje, mimi nilikaa wiki mbili nakosa maneno.

shangani_mtwara

Na hilo la kujifunza omba pia kwa maandishi, barua fupi tu kwa meneja, kwamba nilikuwa ruhusa ya eda wakati wa mafunzo naomba nipangiwe siku za kufundishwa. Tarehe, saini, nakala igongwe mhuri ubaki nayo. Wakija kusema kwenye kikao kwamba hujui mfumo, barua ipo mezani.

korosho_na_mimi

Hapo kwenye kilo 412 nimewaelewa wote. Mama mimi narudisha maneno yangu nusu. Shamba usiliache lakini, mwezi wa 5 na wa 6 ukikosa muda wa salfa tafuta kijana umlipe.

mama_wa_ghalani

Ndugu zangu nimesoma yote mara mbili mbili. Nashukuru sana, wengine nimewalilia. Babu shikamoo, na mjukuu wako ahsante kwa kuandika.

Nilikaa kimya siku 6 kwa sababu nilikuwa nafanya kwanza ndo nije niseme.

Barua sijaandika ile ya kuacha. Nimeandika ya kuomba mafunzo, meneja kaipokea hakusema kitu, kagonga mhuri. Nakala ya ruhusa ya eda nimeipata kwenye begi la nguo za marehemu, sijui niliiweka lini mle. Hilo begi nilikuwa sijalifungua. Kwahiyo siku hiyo nilifanya kazi mbili.

Kijana nimemfuata Jumatano jioni. Nilibeba mihogo ya kuchemsha, nikasema mwanangu tule kwanza. Akala kidogo akaanza kusema mwenyewe kabla sijauliza, kwamba tangu msimu uanze hapati usingizi, anaota namba. Nikamwambia nionyeshe kutafuta mkulima tu. Akanionyesha. Tukaingiza namba ya yule bibi wa kamba ya chandarua, likatokea jina lake, tukaona mzigo wa msimu huu umeandikwa mara mbili siku moja, kilo zile zile. Nikamwambia huyu bibi hawezi kuleta mara mbili siku moja, anabebewa na pikipiki ya mjukuu na mjukuu hupatikana Jumamosi tu. Kijana kanyamaza. Ndo ile ya kubonyeza mara mbili intaneti ikiwa imekata kama alivyosema @runali_boy. Tukakaa mpaka saa 2 usiku kwa tochi ya simu, yeye anasoma kwenye kishikwambi mimi nashika risiti moja moja, tumekuta nyingine 3.

Meneja tumemwambia asubuhi yake tukiwa wawili. Kasema tuendelee mpaka tumalize vitongoji vyote. Hakusema kama cheo changu kinarudi, na pasiwedi mpaka leo ni ya kijana. Yule wa bodi hajanisalimia tena. Kwahiyo siwaambii mambo yameisha.

Mama nimeanza kumsimulia ya kazini kama nesi alivyosema. Jana nilipomwambia habari ya bibi na kamba ya chandarua alicheka upande mmoja wa mdomo, kisha akatamka jina la mume wa yule bibi, jina zima. Kumbe wanafahamiana tangu usichana. Mazoezi ya mkono tunafanya kwa mpira wa soksi.

@nesi_wa_pwani nilitaka kuuliza, akianza kuchoka katikati ya mazoezi namwachia apumzike au namalizia? Kesho saa 1 asubuhi kuna mzigo mkubwa unakuja kwahiyo nikichelewa kujibu msishangae, nitasoma jioni.